Kabla ya Miwani ya VR, Geuza Shingo Kwanza

"Shikamoo kaka. Nimenunua miwani ya VR iliyotumika, nataka kurushia Cessna kwenye simyuleta ya ndege. Nimechomeka HDMI na USB kwenye laptop, taa inawaka, kompyuta haisemi kitu. Aliyeniuzia alisema inaingia kompyuta yoyote. Nifanyeje? Na kama haifai, nimuuzie nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe umetoka Chumbageni, hapa hapa Tanga, na wa namna hii huja kila mara. Naujibu hadharani kwa sababu neno lililomponza ni lile lile linalowaponza wengine: "inaingia kompyuta yoyote." Hakuna miwani ya VR, hii ya kuvaa ikakuingiza ndani ya picha, ya hivyo. Anayekwambia hivyo ama hajui anachouza, ama anajua sana.

Picha uliyotuma inaonyesha Lenovo Explorer. Huo ni ukoo wa Windows Mixed Reality, pamoja na zile za Acer, Dell Visor, Samsung Odyssey na HP Reverb G2 ya mwaka 2020. Zote zilitegemea programu iliyokuwa ndani ya Windows yenyewe, na Microsoft waliiondoa kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, mwaka 2024. Miwani ni nzima, kioo kizima, waya mzima, ila mwenyeji aliyekuwa akiifungulia mlango kahama. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Kumbe na vifaa navyo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, gonga Enter. Ukikuta 23H2, miwani bado ina maisha, na Microsoft walitaja Novemba 2026 kuwa mwisho wake. Ukikuta Windows 10, inafanya kazi, ila mfumo wenyewe uliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Ukikuta 24H2 au la baada yake, usihangaike kubadilisha waya. Imebaki njia moja: dereva ya bure, yaani programu ya kukutanisha kifaa na kompyuta, iitwayo Oasis, iliyowekwa mwaka 2025 kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, inayoiingiza miwani ya ukoo huu kwenye SteamVR, programu ya VR ya Steam, bila ile programu iliyoondolewa. Inataka kadi ya grafiki, yaani kile kipande cha kompyuta kinachochora picha, iwe ya Nvidia. Kama huna, hapo ndipo mwisho wa barabara.

Lipo tatizo la pili, na hili linawapata hata wenye Windows sahihi. Kwenye laptop nyingi zenye kadi mbili, yaani Intel ya ndani na Nvidia ya kazi nzito, tundu la HDMI limefungwa kwenye ile ya Intel. Ukichomeka televisheni picha inatoka vizuri, kwa hiyo unaamini tundu ni zima. Miwani inataka kuongea na kadi kubwa moja kwa moja, na hapo haina njia ya kuifikia. Kupima ni rahisi: chomeka televisheni au skrini ya pili, fungua mipangilio ya skrini ya Windows, ingia ukurasa wa Advanced display, chagua hiyo skrini ya pili, usome imeunganishwa na kadi gani. Ikisema Intel, basi tundu hilo si la VR. Tundu la USB-C huenda likakuokoa, kama limebeba picha kwa njia ya DisplayPort na limefungwa kwenye Nvidia; mengi ni ya data na chaji tu. Na hata HDMI ikiwa sahihi, miwani hizi za kwanza zinataka HDMI 2.0 ili zipate mizunguko 90 kwa sekunde, yaani picha mpya mara 90. Kwenye HDMI 1.4 zinashuka hadi 60, na kwa macho mengi 60 ndani ya VR ni kichefuchefu kinachosubiri wakati.

Aina ya Meta Quest haina shida ya HDMI, kwa kuwa picha inapita kwenye USB au Wi-Fi. Ndiyo maana kwa laptop huwa nawaelekeza watu huko. Ila nayo ina masharti yake. Waya uwe wa USB 3. Huo wa chaji ya simu unaweza kukubali kuunganisha, lakini picha itakuwa na ukungu kila ukigeuza kichwa haraka, kwani data inabanwa mno. Kwa Wi-Fi, kompyuta iunganishwe na ruta kwa waya wa mtandao, na miwani ikae kwenye masafa ya 5 GHz, chumba kimoja na ruta. Wengi wanaogopa kwamba hilo linakula bando. Halili. Picha inatoka kwenye kompyuta kwenda ruta hadi kwenye miwani, haitoki nje ya nyumba. Kinachokula bando ni simyuleta yenyewe inapovuta ramani, na Microsoft Flight Simulator 2024 ndiyo mlafi mkuu, maana sehemu kubwa ya dunia yake inashushwa mtandaoni huku unaruka.

Zile fremu za plastiki za kutia simu ndani, zinazouzwa bei ya chee, ziache. Zinajua kichwa kimegeuka, hazijui kimesogea. Ukiinama kusoma saa ya mafuta, chumba kizima cha rubani kinainama pamoja nawe, na saa inabaki mbali vile vile. Unayotaka ni miwani inayofuata mienendo sita: mitatu ya kugeuka na mitatu ya kusogea.

Ukishaipata inayofaa, bado kuna mlinzi wa katikati anayeitwa OpenXR. Hiki ni kiwango cha Khronos Group, muungano wa kampuni za teknolojia, kilichotoka rasmi mwaka 2019, na ndicho lugha ambayo Flight Simulator inaitumia kuongea na miwani. Kompyuta moja inaweza kuwa na wakalimani kadhaa wa lugha hiyo: wa Meta, wa SteamVR, wa Virtual Desktop. Anayeshika zamu ni mmoja tu kwa wakati. Ukiwa na Quest huku zamu ameachiwa SteamVR ambayo hata haijafunguliwa, utabonyeza Ctrl na Tab kuingia VR na simyuleta itakwambia haioni kifaa. Miwani nzima, waya mzima, mkalimani siye. Kwenye programu ya Meta Quest Link, ingia mipangilio ya jumla, umweke Meta kuwa ndiye anayeshika zamu. Kwa SteamVR, mipangilio yake ina ukurasa wa OpenXR wenye kitufe cha kazi hiyo hiyo. Ukibadilisha, funga simyuleta kabisa uifungue upya; haisomi badiliko katikati ya safari.

Sasa hesabu ambayo wauzaji hawaifanyi mbele yako. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na kidogo. Quest 2 ina 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, jumla milioni 7. Kadi iliyokuwa ikichora ndege yako kwa raha sasa inapewa kazi zaidi ya mara tatu, na kwa kweli inazidi hapo, kwa sababu picha huchorwa kubwa kuliko kioo ili kufidia mpindo wa lenzi. Kwa mizunguko 72 kwa sekunde, kila fremu, yaani kila picha moja, ina milisekunde 13.9 tu. Kompyuta inayokupa fremu 35 kwenye skrini, usitarajie muujiza ikivaa miwani. Anza na 72, shusha ukubwa wa picha hadi asilimia 70 au 80, punguza mawingu, punguza umbali wa maelezo ya ardhi na ndege za watu wengine. Fremu 36 zilizotulia, zikisaidiwa na programu ya Meta ya kujaza fremu za kati, zinavumilika kuliko 50 zinazopanda na kushuka kama mashua ya Pemba wakati wa kusi.

Nimeeleza yote hayo ili nifike hapa: wewe wa Chumbageni hukuhitaji miwani. Ulihitaji shingo.

Fungua simyuleta uwanja wa Tanga, alama yake ni HTTG. Chukua Cessna 172, ruka, zunguka kushoto, panda hadi futi 1,100 hivi. Uwanja wenyewe uko futi 129 juu ya bahari, kwa hiyo utakuwa kama futi 1,000 juu ya ardhi. Unapita sambamba na njia ya kurukia, halafu unatakiwa kukata kona ya kwanza ya kwenda kutua pale mwanzo wa njia unapokuwa nyuma ya bawa lako la kushoto kwa digrii 45. Yaani uangalie digrii 135 kutoka mbele. Kwenye skrini bila kifaa, unabonyeza kitufe cha joistiki, picha inaruka kushoto, unapoteza upeo wa macho, unarudi, ndege imeshapanda futi 200 bila ruhusa yako. Wengi wanaolalamika kwamba hawajui kutua, shida yao si mkono. Hawaoni wanakotua.

Kifaa cha kufuatilia kichwa kinaliondoa tatizo hilo bila kuiongezea kadi ya grafiki mzigo wowote. Kamera inaangalia taa tatu kichwani mwako, programu inakokotoa kichwa kimekaa vipi, simyuleta inageuza macho ya rubani. Cha kununua tayari ni TrackIR 5 ya NaturalPoint, ambayo kamera yake inapiga fremu 120 kwa sekunde. Cha kutengeneza mwenyewe ni programu ya bure ya opentrack pamoja na vitu vya kuokoteza Ngamiani.

Taa kwanza. Unahitaji LED tatu za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kila rimoti mbovu ya king'amuzi au televisheni inayo moja mbele. Rimoti tatu mbovu, taa tatu. Ukizing'oa, miguu yake inakuwa imekatwa, kwa hiyo ule mguu mrefu wa kukuonyesha chanya haupo tena. Tazama ukingo wa plastiki, upande uliochongwa bapa ndio hasi. Ijaribu kwa betri moja ya volti 1.5, gusa kidogo tu, huku ukiitazama kwa kamera ya mbele ya simu. Ikitoa mwanga wa zambarau au mweupe, ni nzima. Kamera ya nyuma ya simu nyingi inauzuia mwanga huo, usije ukatupa taa nzima kwa kosa la simu.

Fungeni zote tatu kwa mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, pamoja na rezista moja, kwenye volti 5 za USB. Taa tatu hula jumla ya kama volti 4 mkondo ukiwa karibu na miliampea 45, inabaki volti 1 ya rezista. Moja gawanya kwa 0.045, unapata ohm 22. Robo wati inatosha kabisa. Kama hujui uvumilivu wa taa zako, anza na ohm 33, mwanga ukiwa hafifu ndio ushuke. Usiunganishe bila rezista eti "zinawaka vizuri". Zitawaka vizuri kwa jioni moja.

Halafu chukua msasa laini, usage kile kichwa cha duara cha kila LED hadi kiwe bapa. Kile kiduara ni lenzi ya kutupa mwanga mbele kama tochi, kwa kuwa rimoti inalenga king'amuzi. Wewe unataka mwanga usambae, ili ukigeuza kichwa digrii 30 kamera bado iione taa. Watu wakiruka hatua hii wanakuja kulalamika kwamba picha inaganda kila wakiangalia pembeni, na wanailaumu programu.

Taa zifungwe kwenye kipande cha plastiki au waya mgumu, upande mmoja wa hedifoni: moja juu, moja kati, moja chini, kwa urefu wa sentimita 10 hadi 12 jumla. Ya kati isikae mstari mmoja na wenzake, itokeze sentimita 3 hadi 5, vinginevyo programu haiwezi kujua kichwa kimegeuka au kimeinama. Opentrack ina mchoro wa umbo hilo kwa jina la Clip. Pima umbali kwa rula, kwa milimita, uandike vipimo vyako. Usiache vilivyokuwemo. Vipimo vya uongo vinaleta ugonjwa wa ajabu: unageuka kulia, picha inageuka kulia na kupanda juu.

Umeme wa taa utoke kwenye tundu la kompyuta au chaja ya simu. Pawabenki nyingi zinaona mkondo mdogo hivyo zinadhani simu imejaa, zinajizima baada ya muda mfupi, na wewe uko katikati ya kona.

Kamera: ile ya zamani ya PlayStation 3, iitwayo PS3 Eye, bado ndiyo kipenzi cha mafundi, maana inapiga fremu 60 kwa sekunde kwa ukubwa wa 640 kwa 480. Kamera ya kawaida ya fremu 30 inafaa, ila kuna uvivu kidogo. Kwa kawaida zina kioo kidogo chenye rangi ya waridi nyuma ya lenzi, kazi yake kuzuia infraredi. Fungua lenzi, kitoe kioo hicho taratibu, kisha weka mbele kitu kinachozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi: utando mweusi wa ndani ya diski laini za zamani, au mkia mweusi wa negativu ya picha za rangi iliyosafishwa, vipande viwili. Baadaye zungusha lenzi urekebishe umakini, kwani ukitoa kioo unahama kidogo. Ukifanya sawasawa, kamera inaona giza na nukta tatu nyeupe, basi. Kamera hiyo haitafaa tena kupigia watu simu za video, kwa hiyo isiwe ya mama.

Jua la Tanga linachomoza baharini na lina infraredi kuliko LED zako zote. Dirisha la mashariki nyuma ya kiti likiwa wazi asubuhi, kamera itaona nukta nne, tano, na picha itarukaruka kama ina wazimu. Vuta pazia, au geuza meza uupe ukuta mgongo. Miwani ya macho na hereni pia hurudisha mwanga. Kwenye opentrack shusha muda wa kamera kupokea mwanga, pandisha kizingiti cha kuchagua nukta, hadi zibaki tatu hata ukigeuka.

Kisha weka kichujio cha Accela, cha kulainisha mwendo, na matokeo (Output) ya freetrack 2.0 Enhanced, Flight Simulator itadhani una TrackIR. FlightGear, simyuleta nyingine, ina matokeo yake kwenye orodha hiyo hiyo, na FSX, yaani Flight Simulator X ya mwaka 2006, inatumia yale ya SimConnect. FlightGear ni ya bure na inakwenda kwenye kompyuta za kawaida, kwa hiyo asiye na uwezo aanzie huko bila kuona haya.

Mkunjo wa mwendo, yaani mchoro wa shingo ikigeuka hivi picha igeuke kiasi gani, ndio roho ya kazi, na ndipo watu wanapokata tamaa. Macho yako lazima yabaki kwenye skrini, kwa hiyo shingo haiwezi kugeuka zaidi ya digrii 30 au 35. Lakini tumesema rubani anahitaji 135. Basi chora hivi kwa kugeuka: kutoka 0 hadi 4, picha isitembee kabisa, ili uweze kusoma saa bila chumba kutikisika. Kutoka 4 hadi 15, ipande polepole hadi kama 40. Kutoka 15 hadi 32, ipande kwa kasi hadi 135. Kwa kuangalia juu na chini, digrii 15 za shingo zikupe 50. Mzunguko wa kulaza kichwa begani uuzime, hauna kazi. Picha ikitetemeka, ongeza ulaini wa Accela kidogo kidogo, ikichelewa, umezidisha. Na kitufe cha kurudisha katikati kiweke kwenye joistiki, kwa sababu kila ukijinyoosha kitini katikati inahama.

Asiyetaka kushika risasi ya kulehemu ana njia mbili. Opentrack yenyewe ina neuralnet tracker, inayosoma uso kwa kamera ya kawaida bila taa. Inataka mwanga wa kutosha usoni, kwani kwenye kiza kamera hujishusha hadi fremu 15 na kichwa kinakuwa kama cha mlevi. Au programu ya simu ya SmoothTrack, ya kulipia, inayotuma mwendo wa uso kwa mtandao wa ndani. Kwenye opentrack unachagua UDP, mlango 4242, na kwenye simu unaandika anwani ya kompyuta unayoipata kwa kuandika ipconfig kwenye Command Prompt ya Windows. Hotspoti ya simu inatosha, hata bila bando. Isipofika, ukuta wa ulinzi wa Windows umeizuia, iruhusu opentrack.

Na ukija kuvaa miwani ya VR siku moja, zima opentrack kwanza. Vyote viwili vikigombania kichwa kimoja, chumba cha rubani kinayumba hata umetulia. Joto letu pia lisikudanganye: funga kitambaa cha pamba kwenye sponji ya miwani, futa jasho kabla halijafika kwenye lenzi, na ukiivua ifunike. Lenzi zile zikielekea dirishani, jua linakusanywa kama kwenye kioo cha kukuzia na linachoma skrini ya ndani. Doa lake halitoki.

Kuhusu kuuza: andika kwenye tangazo kwamba ni Lenovo Explorer, inataka HDMI 2.0 na USB 3, inakubali Windows 10 na Windows 11 hadi 23H2, na kuanzia 24H2 ni kwa Nvidia kupitia Oasis. Utapata pungufu ya ulichotoa. Kabla ya hapo lakini, nitumie jina la kadi ya laptop yako na ulichokisoma kwenye ule ukurasa wa Advanced display, maana kama tundu limefungwa kwenye Nvidia, usiiuze.